Kioo cha Mama Saluni na Gari Liitwalo Jitu

Nimesema uongo mwingi maishani mwangu, na wajukuu zangu ni mashahidi. Niliwahi kuwaambia kwamba jogoo wangu alijifunza kupiga honi, na kwamba babu yao alinioa kwa sababu kivuli changu kilikuwa kirefu kuliko vya wasichana wenzangu. Lakini haya ya mkamwana wangu ni ya kweli. Pale nitakapotia chumvi, nitatia ya kuonja tu.

Mkamwana wangu ni fundi vioo. Alipoolewa hapa kwetu alikuja na sanduku la nguo, na ndani ya sanduku, kimefungwa kwenye soksi kama yai, kisu chake cha kioo, kile chenye kigurudumu kidogo kwenye ncha. Alikirithi kwa baba yake pamoja na kazi yenyewe. Mwanangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bosi ingawa hajawahi kumwajiri mtu, ni fundi wa fremu za madirisha. Basi wakakamilishana: mume huunda tundu, mke huliziba. Karakana yao ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, mlango umetazama barabara, na mimi kiti changu kiko hapo mlangoni ili nisipitwe na kitu.

Ungemwona akikata kioo ungefikiri anamnong'oneza mtoto anayesinzia. Hukitandika juu ya blanketi, hupitisha kisu mara moja tu, harudii, kisha hugonga chini yake kwa kifundo cha kidole, na kioo chenyewe hukubali kuachana. Kikiwa na ufa usioonekana hukijua kwa kukigonga na kutega sikio. Wakati huo mimi hufunga mdomo, na wanaonijua wanafahamu hiyo ni heshima ya namna gani.

Mwaka tulipopata kazi ya kutia madirisha ya shule nzima, Bosi alinunua gari la kubebea vioo. Nasema gari kwa kukosa neno. Tairi lilinifika kifuani. Kulipanda nilihitaji ngazi, na kushuka nilihitaji dua. Likiwashwa, vikombe kabatini vilisalimiana. Watoto wa mtaa wakaliita Jitu, jina likashika.

Kazi ya shule ikaisha, Jitu likabaki. Na hapo ndipo mwanangu alipokosea, kosa ambalo naona wengi wamelikosea pamoja naye: alinunua gari kwa ajili ya siku moja kubwa, kisha akawa analilisha kila siku ndogo. Kama mtu aliyenunua sufuria la kupikia harusi, halafu kila asubuhi anachemshia humo yai moja. Alikwenda nalo kununua mkate, katika duka ambalo ukipiga chafya hapa kwetu muuzaji anakujibu pole. Alikwenda nalo kunyolewa. Alikwenda nalo kunywesha gari lenyewe mafuta, akarudi nusu yake yameisha. Na asubuhi aliliacha lingurume mlangoni huku yeye yuko ndani anakunywa chai, ati linapasha mwili moto.

Mkamwana hakusema kitu mwanzoni. Ana subira ya watu wanaoshika vitu vinavyovunjika. Lakini vioo vilisema. Kila asubuhi vile vilivyoegemezwa ukutani vilikuwa na utando mwembamba, na akipitisha kitambaa cheupe kilitoka na rangi ya kitako cha chungu. Alimwonyesha mumewe kile kitambaa, akakikunja, akaenda kukifua. Kesho yake hivyo hivyo. Mimi ningekuwa nimeshamrushia nacho usoni.

Siku moja tulipokuwa tunaosha vioo wawili sisi, akaniambia jambo ambalo sijalisahau.

"Mama, baba yangu aliuza vioo vya kuingiza jua ndani. Mimi watu siku hizi wananiomba vya kulizuia. Kila mwaka wanataka cheusi zaidi. Joto hili lina watu wanaolichochea, na sisi tunachochea tukienda kununua mkate."

Mjukuu wangu wa kike, yule anayesoma, ambaye ndiye ananiandikia haya na kila mara anataka kufuta, alikuwa hapo akatuongezea. Akasema moshi mweusi tunaouona ni mchafu kweli, lakini mkubwa wake ni ile hewa ya ukaa isiyoonekana, inayokaa juu na kulifunika joto lisitoke. Lita moja ya dizeli ikiungua, akasema, hutoa hewa hiyo yenye uzito unaopita kilo mbili. Nikamuuliza lita yenyewe ina uzito gani. Akasema haifiki kilo. Nikamwambia, mjukuu wangu, katika uongo wangu wote sijawahi kuthubutu hivyo, kitu kiungue kizae kizito kuliko chenyewe. Akanieleza kwamba mafuta yakiungua hujishika na hewa inayoingia kwenye injini, ndipo uzito unapozidi. Akaapa. Basi tangu siku hiyo kila Jitu lilipokwenda dukani niliona linarudi na mkate mmoja mkononi na gunia mgongoni, gunia ambalo hakuna wa kulishusha.

Mkamwana akampelekea mumewe shauri kwa upole. Kazi zao nyingi, akasema, ni vioo vya madirisha ya hapa hapa mtaani, na vingeweza kubebwa na baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, yenye betri ya kusaidia mlimani. Siku ya mzigo mkubwa wakodi lori. Bosi akacheka mpaka akakaa chini. Akauliza ni mteja gani atamheshimu fundi anayekuja anapiga kengele. Akasema umeme nao unatoka mahali, kuna mtambo unaounguza kitu. Mkewe akakubali kwamba ni kweli, ila kuichaji baiskeli ile ni kama kupiga pasi nguo za wiki, na Jitu linaunguza zaidi ya hapo kabla halijatoka mlangoni. Bosi akaishiwa hoja, na mwanamume akiishiwa hoja hupandisha sauti. Mimi nikatia ulimi puani. Karibu unitokee upande wa pili.

Mkamwana hakubishana naye tena. Alikwenda kwa fundi chuma wa mtaa wa nyuma, wakachora chini kwa chaki, na baada ya muda akarudi akiendesha chombo chenye magurudumu matatu, kitanda cha mbao nyuma, na katikati ya kitanda vyuma viwili vilivyoegemeana kama viganja vya mtu anayeomba, vimevikwa blanketi. Fundi chuma alimwazima akijaribu, akikipenda wataelewana. Mimi nilikizunguka nikakiita Kigoda, kwa ajili ya ile miguu mitatu.

Ndipo Mama Saluni akaagiza kioo.

Huyu ni mama wa barabara kubwa, aliyekuwa anasuka watu barazani miaka yote, na sasa alikuwa amepata chumba chake mwenyewe, na siku ya kufungua ameshaitangaza. Alitaka kioo cha kujitazamia, kimoja cha ukuta mzima. Kililetwa kutoka mbali, kirefu kama mlango na kipana kama meza ya kulia chakula, na hakikuwa na mwenzake. Kikivunjika, saluni inafunguliwa na ukuta mtupu, na mkamwana wangu jina lake linaondoka na vipande. Hilo lilijulikana na kila mtu.

Bosi akasema afadhali sasa, tutaona. Kioo hiki kikifika kizima kwa Kigoda, yeye mwenyewe ataliondoa Jitu mlangoni. Kikivunjika, Kigoda kinarudi kwa fundi chuma, na habari za moshi zisisikike tena ndani ya nyumba yake. Nilimtazama mkamwana. Alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Akasema sawa.

Akaenda kumuuliza Mama Saluni kama anaruhusu. Mama Saluni akamjibu hata akikileta kichwani, mradi kifike kizima.

Jioni ile mkamwana alitembea njia yote kwa miguu, anatazama chini kama aliyedondosha sindano. Alijua kila shimo, kila mfereji, na wapi lami imepasuka. Asubuhi tukakipandisha kioo watu wanne, kimesimama kwa ubavu wake mrefu, maana kioo hakilazwi safarini, kikilazwa hujivunja kwa uzito wake. Mgongo wake, ule wenye rangi, akauegemeza kwenye blanketi usikwaruzike, uso ukatazama nje, upande wa kulia. Akakifunga kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, inayobana na kulegea kama mkono wa mtu. Akakifunika kwa shuka yangu. Kisha akarudi nyuma, akatikisa kichwa, akanigeukia.

"Mama, nahitaji uzito upande wa pili."

Hivyo ndivyo unene wangu ulivyopata ajira kwa mara ya kwanza. Nikakaa juu ya kitanda cha Kigoda, mgongo kwenye vyuma, miguu inaning'inia kushoto, kama malkia aliyesusa. Bosi akasema yeye anatangulia na Jitu, atatusubiri karibu na saluni. Akapakia ufagio na ndoo. Hakusema vya nini, na hakuna aliyeuliza.

Hatukufika mbali, upepo ukaingia kwenye shuka, ikavimba, Kigoda kikaanza kwenda kinakotaka chenyewe. Mkamwana akasimama, akaivua shuka akanipa nijifunike miguu. Basi kioo kikatoka uchi barabarani.

Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, lakini nina shingo. Nilichokosa kukiona nilisimuliwa baadaye, na nilichokosa kusimuliwa nimekitengeneza mwenyewe. Kwenye kichochoro cha upande wa kulia lilikuwa linatoka gari dogo jeupe, dereva wake ana haraka. Mara akaona gari jeupe linamjia uso kwa uso. Akafunga breki. Mwenzake naye akafunga. Akawasha taa, mwenzake akawasha. Akapiga honi ya hasira, akatoa kichwa dirishani amtukane, akakuta mtu mwenye kichwa kama chake ameshafungua mdomo. Wakatazamana. Kigoda kikapita, na yule bwana akabaki amekasirikia ukuta.

Tukaingia barabara kubwa. Magari yalikuwa yamesimama foleni, yote yananguruma, hakuna linalokwenda, na sisi tukipita kandokando yake mwendo wa mtu anayetembea. Hapo ndipo nilipoona mkamwana wangu amewafanyia watu jambo bila kukusudia. Kila dereva alipofikiwa na kioo alijiona: gari zima, viti vitupu, mtu mmoja, na nyuma yake moshi wake mwenyewe. Mmoja alinyoosha tai. Mmoja alitoa kidole mahali kilipokuwa. Mama mmoja alijitazama, kisha akageuka kutazama kiti cha nyuma, kama aliyesahau watu nyumbani. Kuna gari moja, naapa, lilijizima lenyewe kwa aibu. Mjukuu anataka kulifuta hilo. Liache.

Na mkamwana hakutazama hata mmoja wao. Macho yake yalikuwa chini, sikio lake nyuma, anasikiliza kioo. Nilimsikia anahesabu mashimo kwa jina: hili la mfereji, hili la mti, hili la benki. Jasho lilikuwa limechora ramani mgongoni mwake. Niliona fahari ambayo sikuipata hata siku ninaolewa.

Tukalikuta Jitu. Lilikuwa katikati ya foleni, limetutangulia kuondoka na sasa tunalipita. Kioo kikalipitia taratibu, kuanzia mlango wa nyuma hadi wa mbele, na mwanangu akajiona. Alisema baadaye kwamba hakuwahi kujua jinsi alivyo mdogo mle ndani. Gari la kubeba madirisha ya shule, na abiria wake ufagio.

Mbele kidogo, mahali ambapo jana palikuwa tambarare, mtu alikuwa amemwaga kokoto asubuhi hiyo. Mkamwana aliziona amechelewa. Gurudumu la kushoto likapanda lundo, Kigoda kikainamia kulia, na mimi, pamoja na vyakula vyote nilivyowahi kula, nikajikuta sina uzito wa kutosha. Mipira ya tyubu ikavutika. Nilisikia kioo kinatoa sauti nyembamba, kama mbu. Mkamwana alikuwa amebana breki kwa mikono yote miwili. Akiachia kuja kukishika, kila kitu kinakwenda chini. Hakupiga kelele. Alisema tu, taratibu kabisa, "Mungu wangu."

Mlango wa Jitu ukafunguka. Mwanangu aliruka kutoka kule juu kama aliyesukumwa, akapita kati ya magari, akakipokea kioo kwa bega na viganja viwili. Alikuwa amebakiza kupepesa macho tu ashinde kila kitu alichotaka: Jitu libaki, Kigoda kirudi, na ukimya nyumbani. Akasimama hapo amekikumbatia, shavu lake limegusana na shavu lake mwenyewe.

"Achia polepole," akamwambia mkewe. "Nimekishika. Mama, usihame hapo."

Mkamwana akarudisha gurudumu chini ya kokoto. Bosi akabaki ameshika ukingo, anatembea kinyumenyume, anamwelekeza kushoto, kulia, mpaka mlango wa saluni. Nyuma yetu Jitu lilibaki peke yake barabarani, mlango wazi, linanguruma, na honi za watu zilikuwa zinalisomea ukoo wake wote.

Kioo kilipanda ukutani kizima. Mkamwana akakifuta kwa kitambaa cheupe, kona hadi kona. Mama Saluni akasogea, akajitazama muda mrefu, akamshika fundi wake mkono na hakuuachia upesi. Kisha akasema ila kioo chenyewe kimemnenepesha, na nikajua ameridhika.

Bosi akarudi kutafuta gari lake. Sisi tulifika nyumbani, tukaoga, tukanywa chai, mkamwana akakata vioo vya dirisha la jirani, ndipo tukasikia vikombe vinasalimiana kabatini. Foleni ilikuwa imemshikilia muda wote huo. Akaingia, akaketi kwenye benchi la karakana, akaweka ufunguo mezani.

"Umeshinda," akasema.

Mtu mwingine angeuchukua ule ufunguo akacheza nao ngoma. Mkamwana wangu aliendelea kupanga vioo vyake.

"Sikushinda. Ulinishikia. Usingelishika, sasa hivi ningekuwa naokota vipande na ufagio wako."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hatujui kama Kigoda kingefika chenyewe. Lakini kwa nini ulishika?"

Mwanangu akajikuna shingo. Akasema kioo ni kioo, ungetaka afanye nini. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe linasimama bure sana, lile gari; leo ndiyo kaliona.

Nikawaambia basi liuzwe kesho, wateja tele. Mkamwana ndiye aliyekataa, na ndipo nilipomvulia kofia, kama ningekuwa na kofia. Alisema tukimuuzia mwingine wa kwenda nalo kununua mkate, moshi umehama nyumba tu. Afadhali libaki, lakini liamke siku ya mzigo. Akazunguka kwa mafundi wa mtaa wetu, seremala wa vitanda, fundi chuma, na yule muuza matangi ya maji, ambao kila mmoja alikuwa anakodi gari lake la peke yake na kulirudisha tupu. Wakakubaliana wasubiriane. Sasa Jitu likitoka limejaa hadi masikioni, vitanda, milango ya chuma na vioo vyetu safari moja, na siku nyingine limelala, kuku wanataga chini yake. Vioo vya mtaani vinakwenda kwa Kigoda. Wateja hawajapungua. Wengine huja kwa sababu ya Kigoda, wanataka kumwona yule mama aliyewaonyesha sura zao.

Kitambaa cheupe bado anakipitisha kila asubuhi. Hakijawa cheupe kabisa, kwa sababu barabara ni ya wengi. Lakini amekitundika mlangoni ili wanaopita wakione, na nimewaona wengine wanaona.

Ufunguo wa Jitu wakaamua niutunze mimi, nimeufunga kwenye pindo la nguo. Anayeutaka lazima aje kwenye kiti changu aseme ana mzigo gani. Juzi Bosi alikuja, anatabasamu kama alivyokuwa akitabasamu akiwa mtoto amevunja kitu. Nikamuuliza mzigo gani. Akasema hana mzigo, anakwenda kunyolewa tu, na kuna jua.

Mkamwana alikuwa anakata kioo. Akasimamisha kisu hewani, asicheke kikamharibikia.

"Mwanangu," nikamwambia, "mzigo ni wewe, na nilikubeba miezi tisa bila dizeli. Chukua Kigoda."

Akachukua Kigoda. Alipofika kwenye kona akapiga kengele.